Nivichukue Wapi? Miaka Yangu ya Kuhangaika na Kitenzi "Take"

Kazi yangu ya kwanza ya kutafsiri kwa malipo ilikuwa kipeperushi cha ukurasa mmoja, kilichoeleza namna ya kutumia dawa ambazo mgonjwa hupewa dirishani na kwenda nazo nyumbani. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, kwa hiyo niliimaliza kazi kabla chai haijapoa. Sentensi iliyorudiwa zaidi ilianza na kitenzi "take", nami, kwa kuwa nilifundishwa tangu shule ya msingi kwamba "take" ni chukua, niliandika: "Chukua vidonge viwili mara tatu kwa siku." Niliisoma tena, nikaona haina kosa lolote la sarufi, nikaikabidhi.

Kabla ya kuchapishwa, wenye kazi yao walitaka kipeperushi hicho kisomwe kwa sauti mbele ya watu wachache waliokuwa wakisubiri kwenye benchi la zahanati. Bibi mmoja aliyejifunga khanga, na bahasha yake ya dawa mkononi, alinisikiliza kwa utulivu hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, nivichukue wapi?" Nikamjibu kwamba ni hapa hapa dirishani, bibi. "Mara tatu kwa siku? Na nauli ya kuja hapa mara tatu nitaitoa wapi?" Benchi zima lilicheka, nami nikatamani ardhi ipasuke. Muuguzi aliyekuwa dirishani, bila hata kuinua macho kutoka kwenye bahasha aliyokuwa akiiandika, akamwambia kile ambacho wauguzi wetu wamekuwa wakikisema miaka yote: "Bibi, utameza viwili kutwa mara tatu, ukishakula." Kwenye bahasha alikuwa ameandika 2 × 3.

Siku ile nilijifunza kwamba bibi hakukosea kusikia, bali mimi ndiye niliyekosea kusema. Chukua, katika Kiswahili, ni kitenzi cha kubeba kabla ya kuwa cha kitu kingine chochote. Ndiyo maana mtu wa kubeba mizigo ni mchukuzi, na wizara inayoshughulikia vyombo vya kusafirisha watu na bidhaa inaitwa ya uchukuzi. Mwanamke huchukua mimba, ukumbi huchukua watu mia mbili, mtoto mwema huwachukua wazazi wake wanapozeeka, yaani huwatunza, na watu waliokaa pamoja kwa muda mrefu hujifunza kuchukuliana, kila mmoja akiubeba udhaifu wa mwenzake. Hata nguo ikikukaa vizuri mwilini husemwa kwamba imekuchukua. Maana zote hizo zinanukia mzigo na bega. Aliyeambiwa achukue vidonge, bila kuambiwa avitie kinywani, ana haki ya kuuliza avipeleke wapi.

Kitenzi chetu chenye maana iliyo karibu zaidi na kiini cha "take" ni twaa, lakini twaa amesogezwa pembeni na leo anaishi sehemu chache: kanisani, ambako mkate bado hutwaliwa na kumegwa, katika habari za mapinduzi, ambako wanajeshi hutwaa madaraka, na kwa watangazaji wa mpira, ambao bila yeye hawangejua timu ifanye nini na ubingwa. Nikisema dukani kwamba nimetwaa mkate, watu watadhani nimeupora. Nililitafakari jambo hili zaidi nilipogundua kwamba "take" yenyewe ilifanya ubabe wa namna hiyo hiyo kwao Uingereza. Waingereza wa kale hawakuwa na neno hilo. Walisema "niman", ndugu wa "nehmen" ambayo Wajerumani wanaitumia hadi leo. Walipokuja watu wa Skandinavia, kwanza kama wavamizi tangu mwaka 793 walipoishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kisha kama walowezi waliolima na kuoa huko huko, walikuja na neno lao "taka", na katika karne zilizofuata neno la wageni likalifukuza la wenyeji. Mabaki ya lile la zamani yamejificha katika "numb", neno la Kiingereza la ganzi, ambalo asili yake ni kiungo kilichotwaliwa, kikanyang'anywa hisia zake. (Napenda kuwakumbusha hili wanaolalamika kwamba Kiswahili kimejaa maneno ya watu.)

Kilichonisaidia zaidi, hata hivyo, ni kutazama lugha nyingine zinamfanyaje huyo mgonjwa na vidonge vyake. Mjapani huinywa dawa, hata kama ni kidonge kikavu. Mchina huila. Mhausa huinywa, kama sisi. Mwarabu wa Misri huichukua, kama Mwingereza, na katika Kihindi unaweza kusikia kwamba mtu ameila au ameichukua, yote mawili yakiwa sahihi. Sisi tuna utajiri wa kuchagua: tunakunywa dawa kwa ujumla wake, tunameza kidonge, tunapaka ya ngozi, tunadondosha ya macho, tunachomwa sindano, na karatasi ya maelekezo ikitaka kuzitaja zote kwa pamoja husema tutumie. Kiingereza huweza kuzikusanya nyingi kati ya hizo ndani ya neno moja, kisha kikamwachia msomaji ajue mwenyewe ni kiungo gani cha mwili kinachohusika. Kiswahili hukitaja kitendo kinachofanyika.

Picha nazo zina vituko vyake. Kwa Mwingereza na Mfaransa picha huchukuliwa, Mjerumani huitengeneza, Mhispania huitoa, kana kwamba ilikuwa imefichwa ndani ya kamera, nasi tunaipiga. Tunapiga pia simu, pasi, mswaki, deki, kura, hodi, magoti, chafya na marufuku, na nimewahi kumwona mgeni mmoja anayejifunza Kiswahili akiitazama orodha hiyo kwa macho yale yale ambayo mimi huitazamia "take" katika kamusi. Kila lugha ina kitenzi chake cha kubebeshwa kila kitu, na chetu ni piga. Kwa sababu hiyo ninaposikia kijana wa Nairobi akimwambia mwenzake "nichukue picha", sikasiriki, ila moyoni najua kwamba kwanza aliisikia kwa Kiingereza.

Mtihani ni mtego mwingine, na huu uliwahi kunigharimu aibu. Kwa Kiingereza mwanafunzi "huchukua" mtihani, kwa Kiswahili huufanya, na kwa Kihindi huutoa, kwa neno lile lile la Kiarabu ambalo nasi tulilikopa, "imtihan". Ndiyo sababu Wahindi wengi wanapozungumza Kiingereza husema kwamba mwanafunzi ametoa mtihani, na mwalimu ndiye aliyeuchukua, jambo ambalo ukilifikiria lina mantiki yake. Mfaransa naye hutumia "passer", na mimi, kwa kuijua "pass" ya Kiingereza, nilimpongeza jamaa mmoja kutoka Bujumbura kwa kufaulu mtihani ambao, kumbe, alikuwa ameufanya tu na bado anasubiri matokeo.

Sasa ushauri wenyewe, kwa anayetafsiri na pia kwa anayejifunza lugha yoyote ukubwani. Unapokutana na kitenzi cha aina hii, kifunike kwa kidole. Nasema kidole hasa, kwa sababu ndivyo ninavyofanya hadi leo kwenye karatasi au kwenye kioo cha kompyuta. Tazama nomino inayokifuata, kisha jiulize mtu hufanya nini na kitu hicho pale mtaani kwako. Kuna basi: mtu hulipanda. Kuna bafu: mtu huoga, na nomino yenyewe inatoweka kabisa ndani ya kitenzi. Kuna kiti: mgeni hukaribishwa, kwa sababu "chukua kiti" ni maneno ya kumwambia mpangaji anayehama. Kuna mtoto na hospitali: mtoto hupelekwa, na hapa uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu Kiingereza kinaweza kutumia neno moja kwa kukiokota kitu na kwa kukifikisha mahali, ilhali ukiandika "mchukue mtoto hospitali" msomaji ataelewa kwamba mtoto yuko hospitali na anatakiwa kufuatwa. Nimeiona sentensi ya namna hiyo katika maelekezo ya dharura, na haikunichekesha hata kidogo.

Uamuzi ndio ulionifurahisha kuliko vyote. Katika Kiingereza unaweza kuuchukua au kuutengeneza, Mfaransa huuchukua, na Mjerumani hukutana nao kwa kitenzi kinachoweza pia kumaanisha kuipata shabaha. Magazeti yetu yameanza kuandika "kuchukua maamuzi", huku tukiwa na kukata shauri, usemi ambao wazee hawajauacha. Tena kukata shauri kunakaa karibu na mzizi wenyewe, kwa sababu "decide" ya Kiingereza inatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kukata. Mtu akiona usemi huo ni wa kizamani, namwomba ausome kwa sauti kisha ausome na ule mwingine, aone ni upi unaomfanya msikilizaji ajue kwamba mjadala umekwisha.

Hata hivyo sishauri kila chukua iliyotoka kwa Kiingereza ing'olewe. Kuchukua hatua kumeshaota mizizi, na kunatusaidia kutofautisha na kupiga hatua: anayepiga hatua anaendelea mbele, anayechukuliwa hatua ana kesi ya kujibu. Kuchukua tahadhari nako kumezoeleka hivyo hivyo. Kuhusu muda, ninaandika kwamba safari inachukua saa nane pale ninapobanwa na nafasi, lakini nikiwa na uhuru naandika kwamba ni mwendo wa saa nane, kwa sababu ndivyo baba yangu angesema. Ninachokataa katakata ni "mkutano utachukua nafasi Jumatatu". Mkutano hufanyika. Mwenye kuchukua nafasi ni mtu anayekalia kiti cha aliyestaafu.

Jambo la pili ninalolishauri ni dogo na linachosha: msomee mtu asiyejua Kiingereza. Mwenzako mliyesoma naye hafai kwa kazi hii, kwa sababu naye atakirudisha Kiswahili chako katika Kiingereza kichwani mwake na kukielewa bila kugundua kwamba kimepinda. Mimi humsomea shangazi yangu, ambaye hukunja uso kabla sijafika kwenye nukta. Akinyamaza, huwa sina uhakika. Akisema "unataka kusema nini hasa, baba?", huwa nimepata tafsiri, kwa sababu jibu ninalompa kwa mdomo ndilo ninaloliandika. Na unapoweka daftari la maneno, andika kitenzi pamoja na nomino yake, kama wanandoa: meza kidonge, panda basi, kata shauri, vua viatu. Daftari langu la miaka ya kwanza lilikuwa na vitenzi vitupu, na sasa sina kazi nalo.

Tahadhari hii nayo inaweza kuzidi, na mimi ilinizidi. Miaka michache iliyopita nilipewa kutafsiri mazungumzo ya mafunzo ya biashara, ambamo mchuuzi anamalizia ubishi wa bei kwa maneno matano, "take it or leave it". Nilifunika kitenzi kwa kidole, nikatafuta nomino, sikuiona. Niliandika pokea, nikafuta. Niliandika kubali au kataa, ikawa kama karatasi ya kura. Neno chukua lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, nami sikutaka hata kuligusa. Jioni nikaenda Feri kununua samaki, nikamshika changu mmoja, nikamgeuza, nikamwomba muuzaji apunguze bei kwa mara ya tatu. Alikuwa akiparua samaki wa mteja mwingine na magamba yalikuwa yakiruka hadi kwenye shati langu. "Kaka," akasema, "bei ndiyo hiyo. Ukitaka chukua, hutaki acha."

Nikamchukua.