Kutembelea kijiji cha wafugaji wa Kibaski: panga safari kwa kalenda ya kondoo

Wageni wengi wanaofika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, huishia Bilbao na San Sebastián, halafu wanapanda milimani siku moja ya mwisho kupiga picha. Wakifika kijijini wanakuta milango imefungwa, mgahawa haupiki na kondoo hawaonekani. Hapo wanasema kijiji hakina kitu. Kitu kipo, ila kina wakati wake. Ukipanga likizo kwa kufuata kazi ya shamba, siku tatu zinatosha kuona mengi.

Eneo ninalolipendekeza kwa anayekwenda mara ya kwanza ni Goierri, kusini mwa mkoa wa Gipuzkoa, chini ya milima ya Aizkorri na Aralar. Huko kuna Zerain, Mutiloa, Segura, Zegama, Ataun na Idiazabal, kijiji kilicholipa jina jibini maarufu la maziwa ya kondoo.

Anza na mwezi wa kwenda. Kondoo wa huko, aina ya latxa, wana manyoya marefu na magumu yanayostahimili mvua. Wengi huzaa majira ya baridi, na familia hukamua kuanzia hapo hadi mwanzo wa kiangazi. Kuanzia Mei makundi hupandishwa kwenye malisho ya juu, na hurudi mabondeni vuli inapoingia. Kwa hiyo ukitaka kuona jibini likitengenezwa, nenda kati ya Machi na Mei. Ukienda Agosti utapata jua na njia nzuri za kutembea, lakini kwa mashamba mengi chumba cha jibini kitakuwa kimeoshwa na kufungwa hadi msimu ujao. Desemba na Januari usiombe kutembelea zizi: kondoo wanazaa usiku na mchana, na mwenyeji wako hajalala.

Jibini hutengenezwa asubuhi, kwa hiyo usifike saa tano ukadhani umewahi. Maziwa mabichi, bila kuchemshwa, hupashwa moto hadi nyuzi kama 30 za Selsiasi, yanatiwa kimeng'enya cha kugandisha, yanaachwa zaidi ya nusu saa. Mgando hukatwakatwa kwa nyuzi za chuma hadi uwe chembe ndogo za kukaribia punje za mchele, kisha hupashwa tena hadi nyuzi kama 37 huku ukikorogwa, ili chembe zitoe maji. Hapa ndipo kazi inapoharibika. Chembe zikiwa kubwa, maji hubaki ndani na jibini huchacha au kupasuka likiwa ghalani. Zikiwa ndogo mno, mafuta yanapotea na jibini linakuwa kavu. Ndiyo maana mtengenezaji huzamisha mkono, anafinya konzi moja na kuiangalia kiganjani kabla ya kuamua. Usimsemeshe dakika hizo. Baadaye, wakati wa kujaza kalibu na kushindilia, ana nafasi ya kujibu maswali yote. Kilo moja ya jibini hula takriban lita sita au saba za maziwa, na ukishaona kazi hiyo hutabishana naye bei.

Siku ya wiki nayo ina uzito. Ordizia, mji mdogo wa eneo hilo, una soko kila Jumatano, na ruhusa ya soko hilo ilitolewa mwaka 1512. Wakulima huleta chini ya paa la uwanja mboga, maharagwe, mayai, asali na jibini. Fika karibu saa tatu asubuhi. Ikifika saa saba mchana wanakunja meza. Mpango unaofaa ni kufika Jumanne jioni, Jumatano asubuhi kwenda sokoni, Alhamisi shambani, Ijumaa kutembea milimani. Ukifika Jumapili jioni utakuta maduka yamefungwa, na Jumatatu migahawa mingi inapumzika.

Kufika si kazi. Kutoka San Sebastián kuna treni ya abiria ya laini C1, inayopita Tolosa hadi Ordizia na Beasain, safari isiyofika saa moja. Kutoka hapo mabasi ya Lurraldebus hupanda vijijini, lakini vijiji vidogo vina safari chache, na wikendi ni chache zaidi. Angalia basi la mwisho kabla ya kupanda treni. Ukikodi gari, chukua dogo: njia za kwenda kwenye nyumba za shamba ni za zege, nyembamba, zenye mwinuko mkali, na ukikutana na trekta wewe ndiye utakayerudi nyuma.

Wageni wengi hupotea dakika za mwisho. Nyumba ya shamba, inayoitwa baserri, hutambulika kwa jina lake na jina la kitongoji. Ramani ya simu inaweza kukupeleka kwenye nyumba nyingine ng'ambo ya bonde, na kuizunguka ni nusu saa. Mwombe mwenyeji akutumie jina kamili la nyumba, alama ya mahali alipo na picha ya kibao kilicho kwenye njia panda. Ukifika, tazama mlango: mara nyingi kuna ua kubwa lililokaushwa, eguzkilore, lililopigiliwa juu yake kama kinga ya nyumba. Usilichume porini, ni mmea unaolindwa.

Ukitaka kuielewa baserri kabla ya kulala ndani yake, pitia Igartubeiti, huko Ezkio. Ni nyumba ya karne ya 16 iliyogeuzwa makumbusho, iliyojengwa kuzunguka shinikizo kubwa la mbao la kukamulia tufaha. Watu na mifugo waliishi chini, mavuno na nyasi kavu zikakaa juu. Kule Zerain unaweza kuona jela ya zamani ya kijiji, mashine ya kupasulia mbao inayoendeshwa kwa maji, na migodi ya chuma ya Aizpea.

Kuhusu chakula, saa zao zitakusumbua. Chakula cha mchana huliwa kati ya saa saba na saa tisa na nusu, na cha usiku hakianzi kabla ya saa mbili na nusu. Katikati jiko limezimwa. Beba mkate na matunda, hasa ukiwa na watoto. Tukiwa tumezoea magharibi ya saa kumi na mbili, jua la Juni linalozama karibu saa nne usiku huwafanya wageni kutoka Afrika Mashariki wasahau kula.

Waislamu waulize kila kitu, na waulize mapema. Maharagwe meusi ya Tolosa huletwa na soseji ya damu na nyama ya nguruwe, na mboga za majani mara nyingi hukaangwa na vipande vya nguruwe. Kusema "sili nyama" hakutoshi. Taja nguruwe, damu na mafuta yake. Jibini la Idiazabal na maziwa ya kugandishwa yaitwayo mamia hutumia kimeng'enya kutoka tumbo la mwanakondoo, kwa hiyo anayejali hilo aamue akijua. Kimanda cha samaki wa bakalao, mayai na pilipili za Gernika ni chakula salama na kitamu.

Sasa nidhamu ya shambani, na hapa nasisitiza. Ugonjwa wa miguu na midomo upo kwa mifugo yetu, na kundi zima laweza kuangamizwa ugonjwa huo ukiingia Ulaya. Usiende na viatu ulivyovaa zizini nyumbani, na usibebe nyama kavu, samli wala maziwa ya aina yoyote. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakataza wasafiri kuingiza vyakula hivyo. Zawadi nzuri ni kahawa iliyokaangwa, majani ya chai au karafuu za Zanzibar.

Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge; ulilolikuta wazi, liache wazi. Nyasi ndefu za Mei na Juni ni zao la kuvunwa, hivyo pita pembeni. Ukikutana na mbwa wa kundi, simama, zunguka mbali na kondoo, wala usikimbie. Kuanzia vuli kuna uwindaji wa njiwa na nguruwe pori. Ukiona tangazo la uwindaji kwenye njia, badilisha njia siku hiyo.

Mvua haina msimu. Beba koti la mvua hata Julai, viatu vya kushika matope, na adapta, kwa sababu plagi zetu za pini tatu hazingii kwenye soketi zao. Ukungu ukishuka Aizkorri, rudi kwa njia uliyopandia. Namba ya dharura ni 112.

Salimia kwa Kibaski kila unayepishana naye: kaixo, ambayo hutamkwa "kaisho", na eskerrik asko kushukuru. Ndiyo lugha ya kila siku huko.

Mwisho, ununuzi. Jibini la Idiazabal halali lazima likomae angalau siku 60, kwa hiyo Februari utauziwa la mwaka uliopita, na la msimu mpya utalipata masika. Angalia kibandiko cha namba kilichoshikana na ganda; kila jibini lina namba yake. Ganda la njano hafifu halijafukizwa moshi, la kahawia limefukizwa. Onja yote mawili. Ukishafika nyumbani, toa kwenye mfuko uliofyonzwa hewa na ulifunge kwa karatasi au kitambaa, ulitoe frijini saa moja kabla ya kula. Ndani ya plastiki hutoa jasho na kuota ukungu.