Uliza Fundi: Kisu Kichwa Chini, Mashine Kinyume

SWALI: Mzee, salamu kutoka Kariobangi Light Industries. Nimeletewa shafti ya mashine ya kusaga posho inayotaka nyuzi za M20 (kipenyo milimita 20), uzi hadi uzi milimita 2.5, zifike karibu kabisa na bega, pale shafti inapoanza kuwa nene. Kila nikikata kwenye mashine ya kukereza (lathe) naogopa kisu kitagonga bega. Mwenzangu ananiambia nikipindue kisu, uso utazame chini, nizungushe mashine kinyume, nianzie begani nikitoka nje. Mwingine anacheka, eti nitapata nyuzi za kushoto, zinazokazwa kinyume cha saa. Nani mkweli? Mashine yangu ni kuukuu ya Uingereza, chaki yake (kishikio cha kazi) imefungwa kwa nyuzi kwenye pua ya spindo, mhimili unaoizungusha.
– Binti wa Kariobangi

JIBU: Binti yangu, anayecheka ndiye aliyekosea. Nyuzi huwa za kulia au za kushoto kwa mambo mawili yakiwa pamoja: kazi, yaani shafti yako, inazunguka upande gani, na kigari cha kisu kinatembea upande gani. Ukigeuza moja tu, nyuzi zinakuwa za kushoto. Ukigeuza yote mawili, kisu kinapita njia ile ile, ila kinaanzia mwisho wake. Usiguse wenzo wa kugeuza skrubu ndefu, ile inayosogeza kigari. Rudisha mota tu, kigari kitaelekea nje chenyewe.

Raha ya njia hii naijua. Kwa mizunguko 60 kwa dakika, kisu chako kinakimbilia bega milimita 2.5 kila sekunde. Ukipepesa macho umekwisha. Ukitoka nje unaweza kwenda mizunguko 200 bila jasho, maana mbele ya kisu ni hewa tu.

Sasa hiyo chaki. Kwa mashine yako, hapana. Spindo ikizunguka kinyume huku kisu kinaizuia kazi, chaki inafunguka kama nati yoyote ile. Kilo zote hizo za chuma zikitoka kwenye pua, hazichagui pa kuangukia. Najua wapo mafundi wanaofanya hivyo kwa kukata kidogo kidogo na kuomba Mungu. Mimi sikushauri. Tafuta jirani ambaye chaki yake inashikwa na pini za kukaza kwa ufunguo, umlipe muda wa mashine.

Ukiipata, chonga kwanza mfereji begani, upana wake utoshe ncha nzima ya kisu na nafasi ya uzi mmoja juu yake. Kina cha nyuzi zako ni kama milimita 1.53 kila upande, kwa hiyo chini ya nyuzi panabaki kipenyo cha karibu 16.9. Mfereji ufike 16.5. Sababu ni kwamba mashine ikianza, skrubu ndefu hula ulegevu wake kwanza kabla kigari hakijasogea. Muda huo kisu kinazungukiwa na shafti pale pale, na mfereji ukiwa na kina kifupi kitachora pete.

Urefu wa kisu ndio unaowasumbua wengi. Kisu cha milimita 16 kikipinduliwa, ncha iko upande wa chini, basi lazima kipandishwe milimita 16 ili ncha irudi katikati ya kazi, na vishikio vingi havina nafasi hiyo. Chukua kipande cha chuma cha kukatia, ukisage uso wake hadi ncha iwe katikati ya unene. Hapo ukikipindua, ncha haihami. Pembe ya nafasi uliyosaga ubavuni ili kisu kisisugue nyuzi kikikata kuelekea chaki nayo inahamia upande wa nje, ndiko unakoelekea, kwa hiyo hakuna la kusaga upya.

Kumbuka pia kazi sasa inakiinua kisu badala ya kukikandamiza. Kigari chenye reli zilizolika kitatetemeka na nyuzi zitatoka na mawimbi. Kaza kwanza vibanzi vya kurekebisha, vile vinavyoondoa ulegevu kwenye reli. Mwenye nafasi ya kufunga kisu upande wa nyuma ya kazi, uso ukitazama juu, anapata faida ile ile bila kuinuliwa; tofauti ni kwamba anaongeza kina kwa kuvuta kisu kuelekea kwake.

Na jirani akikataa? Zima umeme ukutani, weka mpini kwenye tundu la nyuma la spindo, ukate kwa mkono kuelekea bega kama kawaida, uso wa kisu ukitazama juu. Ni polepole, lakini unasimama pale unapotaka, hata nywele moja kabla ya bega. Kama skrubu ndefu ni ya inchi, usifungue nati ya nusu, ile inayokishikisha kigari na skrubu ndefu, hadi umalize. Hizi ni nyuzi za milimita, hutaupata tena uzi ule ule.

SWALI: Kisu changu cha nyuzi za M20 kitafaa kwa bomba la maji la nusu inchi? Kwa macho vinalingana.
– Msomaji, Gikomba

JIBU: Hapana. M20 ni nyuzi za digrii 60. Za bomba ni digrii 55. Nyuzi za bomba la nusu inchi zina kipenyo cha nje cha milimita 20.955, nazo ni 14 kwa inchi. Saga kisu kingine.