Hewa yake inaisha, mtungi wangu uko nusu: nani aamue kupanda?

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Tanga, na tulipata cheti cha kupiga mbizi pamoja. Yeye ni mtu wa mwili, mimi mwembamba. Kila tukishuka, geji yake ya hewa inafika baa 50 (baa ni kipimo cha mgandamizo; mtungi uliojaa ni 200) wakati yangu bado iko karibu na 100, na kundi zima linapanda kwa sababu yake. Safari ya mwisho, kisiwani Mnemba kule Zanzibar, kiongozi alimuuliza hali ya hewa yake naye akajibu kwa ishara ya "sawa", kumbe alikuwa amebakiza 40. Je, nikiendelea na kundi yeye akapanda, nitakuwa nimekosa adabu? Na je, naweza kumpa regileta yangu ya akiba (kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa) tuvute wote mtungi wangu ili tukae zaidi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Dada yangu, mumeo kumaliza hewa mapema si tatizo kubwa. Kilichonitia wasiwasi katika barua yako ni ile "sawa" yenye baa 40 nyuma yake. Mtu haoni haya bure: amechoka kuwa yule anayekatisha starehe ya wenzake. Kwa hiyo adabu ya kwanza ni yako na ya hao wenzenu, na inaanzia kwenye boti. Kuna tabia ya watu kupanda, hata jaketi hawajafungua, washaanza kulinganisha geji: "Mimi nimebaki na 110!" Acheni hiyo. Anayesikia vile leo, kesho ataficha namba.

Sasa hesabu, maana ndiyo itakayomtoa haya. Mtungi wa aluminiamu mnaopewa na vituo vingi hapa kwetu una ujazo wa lita 11 na kidogo. Tuseme mumeo juu ya maji anavuta lita 20 kwa dakika na wewe 14. Kwa watu wa maumbo yenu hizo ni namba za kawaida kabisa. Kwa kila mita 10 mnazoshuka mgandamizo unaongezeka kwa baa moja, kwa hiyo kwenye mita 20 ni mara tatu ya juu. Yeye anavuta lita 60 kwa dakika; ukigawa kwa zile lita 11 za mtungi, ni baa 5 na nusu kila dakika. Wewe lita 42, chini kidogo ya baa 4. Kutoka 200 mpaka 50 yeye ana dakika 27, wewe 39. Mapafu makubwa yanakula hewa zaidi, hakuna cha kumlaumu.

Mpe mtu huyohuyo mtungi wa chuma wa lita 15 kwenye kina hichohicho, naye anapata dakika 37. Mmelingana, na hakuna aliyebadilisha upumuaji wake. Nashangaa watu wanavyohangaika miezi na mazoezi ya pumzi kabla ya kuuliza kama kituo kina mitungi mikubwa. Akiupata apunguze risasi (vile vipande vya uzito) kiunoni, maana chuma ni kizito kuliko aluminiamu majini.

Njia ya pili ni kina. Msipite mkiwa sambamba. Mwamba ukiwa wa kushuka kama ukuta, kama kule kisiwani Misali, Pemba, yeye apite mita 3 hivi juu yako, upande wa bega lako ili umwone bila kuhangaika. Wewe kwenye mita 18, yeye kwenye 15, anaokoa karibu sehemu moja ya kumi ya hewa yake. Msizidishe umbali huo. Mwenzi aliye mita 8 juu yako ni mtu mwingine tu aliyeko baharini.

Halafu muangalieni risasi zake. Wanaume wenye mwili hupakiwa kilo nyingi siku ya kwanza ya mafunzo wazame upesi, na hakuna anayerudi kuzipunguza. Uzito ukizidi anajaza jaketi hewa ili asizame, mwili unainama miguu chini, anapiga mapezi kama anapanda ngazi, na pumzi inakwenda mbio. Mpimeni mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa kwenye 50 na jaketi tupu: akiwa amevuta pumzi ya kawaida, maji yamkate usawa wa macho. Akizama moja kwa moja, toeni kilo moja na mjaribu tena. Na anapoogelea, mikono aifunge kifuani.

Asije akajibana pumzi ili ahifadhi hewa. Hewa chafu inarundikana, kichwa kinauma, na mwishowe atahema zaidi. Tena akiwa amebana pumzi huku anapanda, anaweza kupasua mapafu.

Kuhusu regileta ya akiba: wapo viongozi wanaofanya hivyo ili wageni wakae zaidi, na kwa hesabu tupu hewa inatosha. Mimi sikubali iwe mpango. Kwenye mita 20 nyote wawili mkivuta mtungi wako, geji yako inashuka zaidi ya baa 9 kwa dakika, na mmefungana kwa mpira mfupi mkigongana mapezi. Hewa ile uliyobakiza si ziada yako. Ni ya kuwapandisha wote wawili siku regileta ya mmoja ikigoma. Akiba ya baa 50 ni kama lita 550, na watu wawili wenye hofu, wakipanda taratibu kutoka mita 20 na kusimama dakika 3 kwenye mita 5, wanaweza kuimaliza yote. Ndiyo maana nataka 50 muisome mkiwa mmeshafika juu, si pale mnapoanza kupanda.

Je, uendelee na kundi? Mkishuka wawili, mnapanda wawili. Mwenye hewa kidogo ndiye mwenye saa, na akionyesha dole gumba juu, yaani "tupande", hakuna mjadala. Haya ni muhimu zaidi wakati wa bamvua, mkondo ukikimbia: aliyepanda peke yake anaweza kuibukia mbali na boti, hana wa kumsaidia kulipuliza boya. Ukitaka kubaki, lipangwe nchi kavu: mshuke watatu na mtu mwingine mwenye pumzi ndogo kama yako, na msaidizi wa kiongozi ampandishe mumeo mpaka boti imwone. Kubadilisha mpango chini ya maji kwa ishara za vidole sishauri.

Na muachane na kuulizana "sawa?". Ulizeni namba. Kila dakika 5 wewe uanze kumwonyesha geji yako, kisha uisome yake kwa macho yako. Kwenye 100, kiganja juu ya vidole vya mkono mwingine, herufi T. Kwenye 50, ngumi. Mwambieni kiongozi kabla ya kuruka majini kwamba mmoja wenu anavuta hewa nyingi, ili awaanzishie kina kifupi au awaweke kundi la watu wa aina yenu. Mitungi ya lita 15 vituo vingine wanayo michache, kwa hiyo pigeni simu jana yake na muulize kama inatozwa zaidi.