Mama ana miaka 61 na ndiyo anajifunza kusoma: ubongo wake umeshakauka?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 61, ni mkulima, na utotoni hakupelekwa shule. Tangu mwezi wa tatu anahudhuria darasa la kisomo. Silabi anazisoma, ila b na d zinampiga chenga, na alipokosa darasa wiki tatu kwa ajili ya palizi alirudi kama vile hajawahi kufundishwa. Wajomba wanamcheka: samaki mkunje angali mbichi. Kitaalamu, ubongo wa umri huo bado unakunjika, au tunamchosha bure? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Marahaba. Methali ya wajomba ni nzuri, ila wameitumia pasipo pake.

Yapo mambo ambayo ubongo huyapa msimu wake. Mtoto akizaliwa na mtoto wa jicho na upasuaji ukacheleweshwa miaka, jicho laweza kusafishwa likawa angavu na bado asione vizuri, kwa sababu ubongo ulikosa picha za kujifunzia wakati wake. Wanasayansi David Hubel na Torsten Wiesel walilionyesha hilo kwa watoto wa paka waliozibwa jicho moja, na utafiti wao kuhusu kuona ukawapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Kuona ni samaki wa kukunjwa mapema, lakini kusoma hakumo katika kapu hilo.

Maandishi yana umri wa miaka 5,000 hivi, kwa hiyo hakuna anayezaliwa na mahali pa herufi kichwani. Kila anayejifunza, awe na miaka 6 au 60, huazima eneo lililokuwa likitambua nyuso na vitu, chini ya ubongo upande wa kushoto, kuelekea kisogoni. Mwaka 2010 mtafiti wa ubongo Stanislas Dehaene na wenzake walitoa matokeo ya watu wazima 63 wa Ureno na Brazil waliopimwa kwa MRI, mashine inayopiga picha za ubongo: wasiojua kusoma, waliojifunza ukubwani, na waliosoma tangu utotoni. Waliojifunza ukubwani nao eneo hilo liliamka walipoonyeshwa maandishi, na kadiri mtu alivyosoma vizuri ndivyo lilivyoamka zaidi. Mwaka mmoja kabla, nchini Colombia, walipimwa wapiganaji wa msituni waliokuwa wameweka silaha chini na kuingia darasani. Nyuzi za neva zinazounganisha nusu mbili za ubongo, upande wa nyuma, zilikuwa nyingi zaidi kwao kuliko kwa wenzao ambao hawajaanza kusoma.

Wajomba, kwa taarifa yao, ni wananchi wa nchi iliyoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Waliojaza madarasa yale walikuwa na ndevu tayari.

Sasa b na d. Kikombe chenye mkono kushoto ukikigeuza mkono ukawa kulia, ni kikombe kilekile. Nyoka akitokea kulia au kushoto ni nyoka. Ubongo umejizoeza kupuuza upande, na kwa miaka 61 mazoea hayo yamemfaa mama yako. Leo anaambiwa kwamba kwa michoro michache ya kwenye ubao, ukigeuza upande umebadilisha kitu. Hata watoto wa darasa la kwanza hujikwaa hapo hapo, sema wao hatuwaambii wamezeeka. Ningekuwa mwalimu wake, nisingefundisha herufi hizo mbili siku moja. Aanze na b, aiandike kwa kidole mchangani huku akiitamka, mkono uisaidie macho. Ikishakaa, ndipo d ije.

Kuna jambo jingine ambalo walimu hulisahau. Mwambie mama aseme “maji” kwa kinyume; akijua mchezo huo atakujibu “jima” bila kufikiri. Kisha mwambie aondoe sauti ya mwanzo tu katika “meza” abakize “eza”. Pengine atakwama, na si ujinga. Mwaka 1979 mtafiti José Morais na wenzake waliwapa Wareno wasiojua kusoma kazi ya aina hiyo, wengi wakashindwa, ilhali wenzao waliojifunza ukubwani waliimudu. Silabi tunazisikia wenyewe. Sauti moja moja hutufichukia kwa kusoma. Ndiyo maana ba be bi bo bu ni mlango mzuri kwake, na Kiswahili, kinachosomwa kama kinavyoandikwa, kinambeba.

Na zile wiki tatu? Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwafundisha vijana kurusha na kudaka mipira mitatu. Baada ya miezi mitatu eneo la ubongo linalofuatilia vitu vinavyotembea lilikuwa limeongezeka kidogo; walipoacha, likapungua. Mwaka 2008 walirudia kwa watu wa karibu miaka 60. Wachache tu waliufikia ustadi wa vijana, lakini eneo lilelile likaongezeka, na likapungua vilevile walipoacha. Njia ya shambani isiyopitwa huota nyasi, ila haipotei. Mama akirudi darasani atashangaa jinsi anavyokumbuka haraka. Dakika 20 kila siku zitamfaa kuliko saa tatu za Jumamosi, kwa sababu kilichosomwa mchana hukazwa usiku akilala. Msimu wa palizi asome mfuko wa mbolea, jina la basi, ujumbe wa pesa kwenye simu. Atakwenda polepole kuliko mjukuu wake, na huenda kasi hiyo ikabaki hivyo. Kusoma atasoma.

Kabla ya yote hayo, apimwe macho. Kuanzia miaka 40 na ushee lenzi ya jicho hukakamaa, maandishi ya karibu yakawa ukungu. Nimeona wazee wakiitwa wazito wa kuelewa kumbe walichokosa ni miwani ya kusomea. Mtazame leo jioni: akikisogeza kitabu mbali na uso ndipo asome, anzeni hapo.