Kabla hujanunua mfumo wa kuazimisha vitabu, kaa kaunta

Haya nayaandika kwa mkutubi aliyeajiriwa juzi na wilaya au manispaa, akakabidhiwa ufunguo, rejesta zilizochakaa na agizo kwamba maktaba iingie kwenye kompyuta kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni. Agizo la namna hiyo huja na haraka, na haraka ndiyo inayotununulia mifumo isiyotufaa. Nimefanya kazi kwenye maktaba za umma kaskazini mwa Uganda kwa miaka mingi, na ushauri wangu mkubwa ni mmoja: mfumo uchague kwa kazi ya kaunta, yaani pale msomaji anapokabidhiwa kitabu na pale anapokirudisha. Kasoro nyingine zinaweza kurekebishwa baadaye. Kaunta ikikwama, wafanyakazi watarudi kwenye rejesta ndani ya mwezi mmoja, na kompyuta itabaki ya kuchapia barua.

Kwa hiyo kabla ya kufungua brosha yoyote, kaa kaunta wiki nzima na daftari. Andika kila jambo linalomleta msomaji. Utaona kitu ambacho wauzaji hawakitaji kabisa: wasomaji wetu wengi hawaazimi, wanasomea ndani. Mwanafunzi wa S.4 (kidato cha nne) anachukua kitabu cha fizikia asubuhi na kukiacha mezani jioni. Mstaafu anakuja kusoma magazeti ya New Vision na Daily Monitor, anaondoka mikono mitupu. Ukinunua mfumo unaohesabu mikopo ya vitabu peke yake, ripoti yako wilayani itaonyesha maktaba isiyo na watu, ilhali viti havitoshi. Muulize muuzaji: kitabu kilichosomewa ndani kinaandikwaje? Koha, programu ya maktaba nitakayoieleza mbele, kwa mfano, inaweza kupangwa ili kitabu kilichookotwa mezani kikipitishwa kwenye skana kama kinarudishwa, kihesabiwe kuwa kimetumika ndani. Ni mpangilio mdogo, lakini siku ya kutetea bajeti mbele ya madiwani hizo ndizo takwimu utakazozihitaji.

Daftari hilo pia litakuonyesha habari ya majina. Fomu za mifumo mingi zinadai jina la kwanza na jina la familia, kana kwamba baba na watoto wake wote wana jina moja la mwisho. Kwetu ndugu wa tumbo moja huwa na majina tofauti kabisa. Shuleni mtoto ni Akello Grace, kwenye cheti cha kanisa ni Grace Akello, na darasa moja laweza kuwa na wa jina hilo watatu. Mfumo ulete jina kwa mpangilio wowote litakavyochapwa, kisha uonyeshe papo hapo kitu cha pili cha kumtambua mtu: kijiji, shule, simu ya mzazi, ikiwezekana picha. Barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), ambayo ndiyo udhamini wa wanachama wetu wengi, iwe na mahali pake pa kuandikwa. Na usikubali NIN, namba ya kitambulisho cha taifa, iwe namba ya kadi. Ina herufi na tarakimu 14, watoto wengi hawaijui yao, tena haifai kuchapishwa kwenye kadi inayoangushwa sokoni. Namba ya kadi iwe ya maktaba yenyewe.

Jambo linalowaumiza wengi bila kulitambua mapema ni tofauti ya kitabu na nakala. Tuseme mmepewa nakala 40 za kitabu kimoja cha biolojia. Katalogi sahihi ina maelezo ya kitabu hicho mara moja tu, na chini yake nakala 40, kila moja na msimbopau wake. Programu zilizotengenezwa haraka na vijana wa mjini, na hata majedwali ya Excel yaliyopambwa, huwa na mstari mmoja kwa kila nakala. Msomaji akitafuta biolojia anaona kitu kilekile kurasa mbili nzima, na wewe ukitaka kujua ni nakala ngapi zipo rafuni leo, unahesabu kwa kidole. Mbaya zaidi ni zile zinazoweka mstari mmoja wenye idadi "40" pembeni: hapo hutajua kamwe ni nakala ipi iliyo kwa nani. Programu ya namna hiyo ikataeni hata kama ni zawadi.

Angalia pia kama mfumo unakuruhusu kuweka masharti tofauti kwa aina tofauti za wanachama. Mtoto wa P.3 (darasa la tatu) hawezi kuwa na masharti ya mwalimu. Shule inayochukua sanduku la vitabu kwa muhula mzima lazima iwe mwanachama kama taasisi, isiandikwe kwa jina la mwalimu aliyebeba sanduku, maana walimu huhamishwa. Na kalenda ya siku za kufungwa iwepo, ili faini isihesabiwe siku ya Idi, Krismasi au Siku ya Mashahidi, tarehe 3 Juni. Mzazi akitozwa faini ya siku ambayo mlango ulikuwa umefungwa, anaacha kumleta mtoto, na hatakueleza sababu.

Sasa umeme na intaneti. Siku hizi utashauriwa kuweka kila kitu kwenye seva (kompyuta inayotunza data yote) ya mbali, ulipe kwa mwezi. Katika mji wenye mtandao wa uhakika sina ubishi nalo: hubebi mzigo wa seva, na nakala rudufu za data hufanywa na wengine. Lakini hesabu vizuri. Tangu Julai 2021 bando la intaneti lina ushuru wa asilimia 12, na wilaya isiyolipa bando kwa wakati ina maana maktaba isiyoweza kuazimisha kitabu kilichoko mita mbili kutoka kwako. Tena Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilifungwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Maktaba yenye seva ndani ya jengo, iliyounganishwa na kompyuta ya kaunta kwa ruta ndogo, haihitaji intaneti yoyote ili kuazimisha.

Kwa maktaba nyingi za wilaya mimi nachagua seva iwe ndani. Haihitaji kuwa mashine kubwa. Kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya kutosha huimudu maktaba ya vitabu elfu kumi, na laptopu nzuri ina faida ya betri yake yenyewe umeme unapokatika. Weka betri na sola ndogo kwa seva, ruta na kompyuta moja ya kaunta tu. Usiingize taa na printa kwenye hesabu hiyo. Kila jioni data inakiliwa kwenye diski, na diski hailali maktaba. Mwivi akiingia, au paa likivuja, mashine itanunuliwa nyingine, lakini kumbukumbu za wanachama na mikopo hazinunuliki. Halafu, angalau kila muhula, rudisha nakala hiyo kwenye mashine nyingine uone kama inafunguka. Nakala rudufu ambayo haijawahi kujaribiwa usiitegemee.

Hata hivyo saa zitakuja ambapo mashine yote imezimika na foleni ipo. Muulize muuzaji mnafanyaje saa hizo. Baadhi ya mifumo, Koha ikiwemo, ina njia ya kurekodi mikopo pembeni na kuipakia baadaye. Isipokuwepo, fomu ya karatasi yenye safu tatu inatosha: namba ya kadi, namba ya nakala, saa. Cha muhimu ni kwamba mfumo ukubali kuingiza mkopo kwa tarehe ya jana.

Kuhusu jina la mfumo wenyewe, wengi mtafika kwenye programu huria, zile zisizolipiwa leseni, na nadhani ni sawa. Koha ilianza 1999 huko New Zealand, katika maktaba za umma za Horowhenua, wilaya ya mashambani ambayo mfumo wake wa zamani usingeweza kuvuka mwaka 2000 bila tarehe zake kuvurugika. Januari 2000 walikuwa tayari wanaitumia Koha. Napenda asili hiyo kwa sababu iliundwa kwa mahitaji ya maktaba ya umma ndogo, si ya chuo kikuu. SLiMS, iliyotoka Indonesia, ni nyepesi zaidi na hufaa kituo kidogo. Lakini leseni kuwa bure hakuondoi gharama. Utalipia mafunzo, mashine, lebo, skana, na hasa mtu wa kuutunza. Kabla ya kuchagua, tafuta ni nani ndani ya saa mbili za safari anayeujua mfumo huo: mkutubi wa chuo kilicho karibu, fundi wa kompyuta wa wilaya, au Maktaba ya Taifa ya Uganda kule Kampala, ambayo sheria ya 2003 iliipa wajibu wa kuzisaidia maktaba za umma. Mfumo wa wastani ulio na mtu karibu utakufaa kuliko mfumo bora ambao fundi wake yuko nchi nyingine.

Wauzaji watakuja na data yao ya maonyesho, iliyonyooka kila kitu. Usiikubali. Wape sanduku la vitabu vyako ishirini: riwaya ya Kiswahili, kitabu cha Kilugbara, lugha ya upande wa Arua, kisicho na ISBN (namba ya kimataifa ya kitabu), juzuu moja ya ensaiklopidia, gazeti, kitabu kilichopoteza jalada. Waambie wakiingize na kukiazimisha kila kimoja mbele yako, na kwenye kiti cha kaunta akae mfanyakazi wako wa kawaida, meneja wao asimame pembeni. Hesabu mibofyo. Kurudisha kitabu kusizidi kupitisha skana mara moja. Nimeona programu inayouliza "Una uhakika?" kwa kila kitabu, na saa kumi jioni watoto wa shule wanapomiminika swali hilo linajaza foleni mpaka uani.

Vitabu vyetu vya Uganda, vile vyenye ISBN inayoanza 978-9970, vingi vimo kwenye katalogi ya Library of Congress, maktaba kuu ya Marekani, kwa sababu ofisi yake ya Nairobi imekuwa ikikusanya machapisho ya ukanda huu tangu miaka ya 1960. Mfumo unaotumia Z39.50, njia ya kompyuta kutafuta kwenye katalogi za maktaba nyingine, utavuta maelezo hayo ukiwa na intaneti, ukaokoa uchapaji mwingi. Ila kwenye misimbo ya lugha ya MARC, muundo wa kimataifa wa kuandika katalogi, Kiganda kina wake, lug, Kiacholi kina ach, Kinyankole nyn, Kiswahili swa, lakini Kilugbara hakina wa peke yake, kimetiwa kwenye kapu la lugha nyingine za Kinilo-Sahara. Mji kama Arua hauwezi kuridhika na hilo. Hakikisha mfumo unakuruhusu kuunda mkusanyiko wako wa lugha hiyo, ili mtoto akitafuta vitabu vya lugha ya mama avipate pamoja.

Kwenye mkataba, sisitiza haki ya kuitoa data yako kwenye mfumo. Chini ya sheria ya ununuzi wa umma idara inayohitaji ndiyo huandika mahitaji, kwa hiyo kalamu ni yako: andika kwamba katalogi itatolewa yote kwa MARC 21, wanachama na mikopo kwa CSV (jedwali la kawaida linalofunguka hata kwenye Excel), wakati wowote maktaba itakapoomba na bila malipo ya ziada. Wafanye jaribio hilo kabla ya malipo ya mwisho. Najua maktaba ambayo msambazaji wake alifunga ofisi, na vitabu maelfu vikalazimika kuchapwa upya kwa sababu data haikufunguka kwa programu nyingine yoyote.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu pia. Data ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, basi fomu ya uanachama iwe na sahihi hiyo. Na orodha ya vitabu alivyosoma mtu isikae milele: chagua mfumo unaoweza kufuta jina la msomaji kwenye mkopo uliokwisha huku ukibakiza hesabu. Msichana anayesoma kuhusu afya ya uzazi ana haki ya kuazima bila kuogopa mtu wa kaunta wa mwakani.

Ukishachagua, anza na sehemu ya watoto au riwaya, si jengo zima. Ondoa kwanza vitabu vilivyokufa, yaani visivyofaa tena kuazimwa, usivibandike lebo. Vilivyo mikononi mwa watu viingize kimoja kimoja vinaporudi, na rejesta ya zamani ibaki mezani mpaka muhula uishe. Majina ya watakaokuwa bado hawajarudisha vitabu, yapange kwa orodha za shule zao, uende nazo mwenyewe kwa walimu wakuu.