Ukianza kuchambua maisha ya Gringo Honasan

Ukipewa kazi ya kuandika juu ya Gregorio Honasan, aliyekuwa kanali wa jeshi la Ufilipino, anayejulikana zaidi kwa jina la Gringo, weka kando picha zake kwanza. Sura yake ilijaa magazetini, na wengi wanaoanza huishia kusimulia ujasiri wake huku wakisahau swali kubwa: ni vikosi gani vilimfuata, na vipi vilikataa?

Chora jedwali la safu nne: tarehe, vikosi vilivyoasi, mahali palipotekwa, na waliobaki upande wa serikali. Lijaze kabla hujaandika aya hata moja.

Mstari wa kwanza ni Februari 1986. Honasan, mhitimu wa 1971 wa chuo cha kijeshi cha Baguio, alikuwa mkuu wa usalama wa Waziri wa Ulinzi, Juan Ponce Enrile. Pamoja na wenzake wa RAM, kundi la maofisa waliochoshwa na ufisadi na upendeleo jeshini, alipanga kuivamia Ikulu ya Malacañang. Hapa ndipo wengi hukosea, wakiandika kwamba mpango huo ndio uliomwangusha Rais Ferdinand Marcos. Haukutekelezwa kamwe. Jenerali Fabian Ver, mkuu wa majeshi wa Marcos, aliugundua, na tarehe 22 Enrile akajichimbia Camp Aguinaldo, kambi ya makao makuu ya jeshi. Jenerali Fidel Ramos akaungana naye, Kardinali Jaime Sin akawaita raia kupitia Radio Veritas, na umati ukaifunga EDSA, barabara kuu ya Manila, mbele ya vifaru. Tarehe 25 Marcos aliikimbia nchi. Raia ndio waliowaokoa wapangaji wale, na jambo hilo lazima lionekane wazi katika maandishi yako, kwa sababu katika majaribio yaliyofuata umati wa namna ile haukutokea tena kuwasimamia.

Chini ya Corazon Aquino, rais aliyemfuata Marcos, yalifuata majaribio mengi ya mapinduzi, na kosa la pili ni kumtwika Honasan yote. Lile la Manila Hotel, Julai 1986, lilikuwa la wafuasi wa Marcos waliomtangaza Arturo Tolentino kuwa kaimu rais. La Honasan ni la 28 Agosti 1987. Waasi walishambulia Ikulu na kuingia Camp Aguinaldo. Mtoto wa rais, Benigno wa tatu, ambaye baadaye naye alikuwa rais, alijeruhiwa kwa risasi, na watu zaidi ya 50 waliuawa. Ramos, ambaye sasa alikuwa mkuu wa majeshi, hakuyumba, na vikosi vilivyotarajiwa kujiunga havikutokea kwa wingi wa kutosha. Honasan alikamatwa Desemba mwaka huo na kufungwa katika meli ya jeshi la majini, Ghuba ya Manila. Aprili 1988 alitoroka pamoja na walinzi wake. Usilifanye tukio hili kuwa kisa cha kusisimua tu. Walinzi kuondoka na mfungwa wao ni ushahidi wa jinsi alivyokuwa na watu ndani ya jeshi hata baada ya kushindwa.

Jaribio la Desemba 1989 linahitaji muda wako zaidi kuliko sehemu nyingine. Haikuwa RAM peke yake. Maofisa wake waliungana na askari watiifu kwa Marcos na umoja wa maofisa vijana, makundi ambayo hayakuwa na shabaha moja. Walishika kambi za anga, ndege za T-28 zikaipiga Ikulu mabomu, na askari wa Scout Rangers wakajikita katika majengo ya Makati, eneo la biashara la Manila. Kisha ndege za Phantom za Marekani ziliruka kutoka Clark, kambi ya anga ya Marekani nchini humo, bila kupiga, zikawanyang'anya waasi anga. Kisiwani Mactan, Cebu, waasi walishikilia kambi hadi tarehe 9. Kwa hesabu ya vifo, tumia ripoti ya Tume ya Davide, iliyochunguza jaribio hilo: 99 walikufa, 570 walijeruhiwa. Isome yote, hasa sura za chanzo: malalamiko ya askari, siasa za waliokosa madaraka, udhaifu wa serikali. Anayeruka sura hizo hubaki na milio ya bunduki tu.

Miaka ya baadaye ipitie haraka, ila kwa mpangilio sahihi. Honasan alichaguliwa seneta Mei 1995. Mkataba wa amani kati ya waasi na serikali ya Ramos, ambaye wakati huo alikuwa rais, ulitiwa saini Oktoba mwaka huohuo. Mara nyingi utakuta mfuatano huu umegeuzwa.

Kuhusu uasi wa Oakwood, Julai 2003, kuwa mwangalifu kupita kiasi. Waliolishika jengo lile Makati walikuwa askari wa kizazi kingine, akiwemo Antonio Trillanes. Honasan alituhumiwa kuhusika, akakanusha, akakamatwa Novemba 2006, na mashtaka yakafutwa 2007. Andika hatua zote nne. Ukiishia kwenye kukamatwa, umemhukumu mtu ambaye mahakama haikumtia hatiani. Na ukianzia kwenye kufutwa, msomaji hatajua kwa nini mwaka 1987 ulifanya jina lake liwe la kwanza kutajwa kila askari walipoasi Manila.