Matobolwa, embe kavu na asali ndani ya biskuti za oti

Maelekezo ya kwanza ya biskuti za oti niliyoyafuata yalitaka mdalasini, njugu za jozi na zabibu kavu. Mdalasini upo sokoni hapa Tabora wakati wowote. Jozi nilizitafuta wiki nzima sikuzipata. Zabibu kavu nikazinunua dukani, kipakiti cha kujaa kiganja, kwa bei iliyoniuma. Nikaoka, biskuti zikatoka vizuri, na watoto wangu wakala huku wakizidonoa zabibu moja moja na kuzipanga pembeni ya sahani.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, mama mkwe alikuja kutusalimia akitokea kijijini, upande wa Sikonge, na kama kawaida yake alileta kiroba cha matobolwa. Kwa asiyeyajua: ni viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vya kutafuna, vitamu, vyenye rangi ya asali iliyoganda. Usiyachanganye na michembe. Michembe hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi, ni migumu na ya ungaunga, na kazi yake ni kupikwa, hasa na karanga zilizotwangwa. Jioni ile mtoto wangu wa pili alikaa mlangoni, biskuti mkono huu na kipande cha matobolwa mkono ule, anang'ata hapa anang'ata pale. Nikamtazama, nikainuka kwenda kuchukua kisu.

Nilishaanza kuyakatakata niyatie kwenye donge pale mama aliponizuia.

"Mwanangu, usiyatie hivyo makavu. Hayo yana kiu. Yatakunywa maji ya unga wako wote, kesho utakuta biskuti ni mawe."

Tangu siku hiyo, kila kitu kinachoingia kwenye biskuti zangu nakipima kwa neno lile la kiu. Watu huniuliza nitie tunda gani, nitie njugu gani. Mimi huwajibu kwa kuuliza kitu chenyewe kina maji kiasi gani. Kikiwa kikavu mno kitanyonya unyevu wa biskuti siku moja baada ya kuoka. Kikiwa na majimaji kitalegeza donge, biskuti zitatandaa kwenye trei kama chapati za maji, kingo zitaungua na katikati patabaki pabichi. Embe kavu, nanasi, tende, matobolwa, vyote vinafaa. Kila kimoja kinataka kuandaliwa kivyake kabla hakijakutana na oti.

Nianze na donge lenyewe, maana bila hilo hatutaelewana. Napima siagi gramu 120, naisaga na sukari ya kahawia gramu 100 mpaka iwe laini na nyepesi, natia yai moja. Pembeni nachanganya unga wa ngano gramu 100, oti gramu 150, mdalasini kijiko kimoja cha chai, chumvi robo kijiko, na nusu kijiko cha soda ya kuokea, ile nyeupe laini inayouzwa kwenye vikopo vidogo, si magadi ya kulainishia maharage. Vikavu vinaingia kwenye vilaini, kisha vya kuongezea, ambavyo kwa donge hili visizidi gramu 150. Ukizidisha hapo biskuti inakosa cha kuishikilia, inavunjika ukiinyanyua. Oti ziwe zile bapa nzimanzima. Zile zilizosagikasagika za kuiva haraka hutoa biskuti laini kama keki, na mimi sizipendi kwa sababu hazibaki mdomoni.

Kisha donge lipumzike nusu saa. Oti nazo zina kiu, na zikipewa muda zitakunywa sehemu ya unyevu kabla ya moto. Mwezi wa kumi, joto la Tabora likiwa kwenye kilele chake, siagi huyeyuka mkononi, kwa hiyo bakuli naliweka kwenye friji, au umeme usipokuwepo nalikalisha ndani ya beseni la maji baridi.

Sasa matobolwa. Yaloweke kwenye chai ya rangi ya moto iliyochemshwa na tangawizi, dakika 30 mpaka 40, mpaka ncha ya kisu ipite bila kusukuma. Usiyaache usiku kucha, yatakuwa viazi vya kuchemsha tena. Yachuje, yatandaze juu ya kitambaa safi, yakaushe kwa kuyagandamiza, kisha yakate vipande vya ukubwa wa punje ya maharage. Hatua ya kitambaa ndiyo watu huiruka, halafu wanalalamika biskuti zimetandaa. Ndani ya oveni vipande hivyo vinashika rangi kwa nje na kubaki vya kuvutika kwa ndani, na ile tangawizi unaikuta ukitafuna. Hakuna zabibu iliyowahi kunipa kitu kama hicho, na nasema hivyo nikiwa nimeoka za zabibu kwa miaka.

Ila matobolwa ni matamu na oti ni pole, kwa hiyo viwili hivyo peke yake vinachosha kwenye biskuti ya tatu. Vinahitaji uchachu. Hapo ndipo embe inapoingia.

Miembe si ya kutafuta Tabora; iko kando ya barabara, na wazee husimulia kwamba mingi ilitokana na kokwa zilizotupwa na misafara ya zamani iliyokuwa ikienda Ujiji. Shida ya embe ni kalenda. Viazi vinachimbwa kiangazi, jua lipo kutwa, unaanika unasahau. Embe zinaiva kuelekea mvua za mwezi wa kumi na moja na kuendelea, wakati ambao jua la asubuhi halikuahidi la mchana. Msimu wangu wa kwanza nilianika embe za ndoo nzima juu ya kichanja, siku ya pili ikanyesha, nikaziingiza ndani zikiwa nusu kavu na kuzifungia kwenye ndoo yenye mfuniko. Siku tatu baadaye zilikuwa na ukungu wa kijani. Nilizitupa zote, na iliniuma.

Siku hizi nafanya hivi. Nachukua dodo au bolibo ambazo zimeanza kuiva lakini bado ngumu kidogo, kwa sababu embe ndogo za kienyeji, pamoja na utamu wake wote, zina nyuzi ambazo zikikauka zinakuwa kamba. Nakata vipande vyembamba, vya unene wa nusu sentimita, nachovya kwenye maji yaliyokamuliwa limau ili visiwe vyeusi, natandaza juu ya wavu safi ulioinuliwa ili hewa ipite chini na juu, nafunika kwa kitambaa chepesi nzi wasiguse. Naanika kidogo kidogo, embe nne au tano tu kwa mara moja. Mvua ikitishia, trei inaingia kwenye oveni ya mkaa niliyokwisha kuokea mikate, moto umeondolewa, joto limebaki la kuvumilika mkono, mlango nauacha wazi kidogo ili mvuke utoke. Embe iko tayari ikikunjwa inapinda bila kuvunjika, na ikibanwa kwa vidole haitoi hata tone. Ikiwa bado inanata kwa maji, bado. Kabla ya kuhifadhi naiacha ipoe kabisa, maana ikifungiwa na joto itatoa jasho ndani ya chupa, na ukungu hauhitaji zaidi ya hapo.

Embe kavu ya namna hiyo hailowekwi muda mrefu. Dakika tano kwenye maji ya machungwa zinatosha, na ikiwa laini kama ngozi usiiloweke kabisa.

Nanasi nalipata ndugu akitoka Kigoma. Linakaushwa vivyo hivyo lakini kwa subira mara mbili, kwa sababu lina maji mengi zaidi, na likikauka linakuwa chachu tamu la kuamsha mdomo. Inayofaa pia ni nazi iliyokunwa na kukaangwa kavu kwenye kikaango mpaka inukie. Tende toa kokwa, zikate kwa kisu kilichopakwa mafuta. Zabibu, kama unazo na watu wako wanazipenda, dakika kumi ndani ya chai ya moto.

Ubuyu unastahili maneno zaidi kidogo. Ni tunda linalokaukia mtini lenyewe, halihitaji kuanikwa na mtu. Nazungumzia unga mweupe uliopepetwa, si ule wenye mbegu uliopikwa kwa sukari na rangi, ambao mbegu yake inaweza kuvunja jino ndani ya biskuti. Kijiko kimoja cha mezani kwenye donge lile kinaleta uchachu unaoenea biskuti nzima, tofauti na embe ambayo inakuja kwa vipande. Uchachu huo pia huiamsha soda, biskuti inainuka zaidi kidogo. Ukitia vijiko viwili unga utakuwa mkavu, ongeza kijiko cha maziwa.

Baada ya tamu na chachu, meno yanataka kitu cha kuvunja. Karanga za hapa kwetu zinanitosha. Zikaange kwa moto mdogo, zimenye, zipasue vipandevipande badala ya kuzitwanga. Kabla ya kukaanga zichague moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, usione huruma. Ukungu wa karanga unaweza kuacha sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Ufuta na mbegu za maboga vinafaa pia. Lakini nisikilize hapa: vitu vitatu kwa biskuti moja vinatosha, kimoja kitamu, kimoja kichachu, kimoja cha kuvunjika. Nimeshawahi kutia saba, na nilichokula hakikuwa na ladha ya chochote.

Nimebakiza asali, na kwa mtu wa Tabora kuiacha ingekuwa dhambi. Asali yetu ya misitu ya miombo ni nzito, ya rangi iliyoiva, na ukiionja ina moshi na maua kwa pamoja. Usiitie badala ya sukari yote, biskuti itakuwa laini kupita kiasi. Punguza sukari ibaki gramu 50, weka asali gramu 40, kwa kuwa asali ni tamu kuliko sukari na pia ina maji yake, karibu gramu 17 au 18 katika kila 100. Punguza na moto. Asali huwahi kushika rangi, biskuti itakudanganya kwa nje kuwa imeiva. Mwenye oveni ya umeme, nyuzijoto 180 kwa biskuti za sukari na 165 kwa za asali, dakika 11 mpaka 14. Sisi wa mkaa hatuna kipimo, kwa hiyo mimi nanyunyiza kijiko cha unga kwenye trei tupu na kuiingiza ndani: ukigeuka rangi ya mchanga ndani ya dakika tano, joto liko sawa, ukigeuka kahawia, toa makaa. Zitoe biskuti zikiwa kingo zimekaza na katikati bado panabonyea. Zitakaza zikipoa.

Ile asali ya nyuki wadogo wasiouma niachie ya kulamba na ya dawa ya kifua. Ni nyepesi, ina maji mengi zaidi na uchachu wake, na ndani ya donge inafanya kazi ya maji. Na kama nyumbani kuna mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, biskuti za asali asipewe hata kipande. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo mtu mzima havimdhuru lakini mtoto mchanga vinaweza kumwangusha, na joto la oveni haliviui.

Za asali zihifadhi kwenye kopo lake peke yake. Zinavuta unyevu, hasa masika, na ukizichanganya na zile za sukari zilizokauka, kufikia kesho yake zote zinakuwa laini.

Mwaka huu nimejaribu na ntalali, yale matunda madogo meusi ya porini yanayonata mkononi. Kazi kubwa ni kokwa, kwa sababu nyama yake ni kidogo na inashikamana nayo. Niliyalainisha kwa maji ya moto kidogo, nikayapitisha kwenye chujio, nikachemsha urojo wake mpaka ukawa mzito kama tende zilizopondwa, kisha nikautia vijiko vitatu pamoja na karanga na ubuyu. Mama mkwe alikuwa amekuja tena na kiroba chake. Alionja moja amesimama, akaketi, akaomba chai. Asubuhi wakati anaondoka nilikuta ameshazifunga zilizobaki kwenye kitenge, za kula njiani.